KONA YA KIINGEREZA: Uzito wa Neno Uko Wapi?

Ukurasa wetu uko hapa tena. Asanteni kwa karatasi mnazotuma kwa mikono ya wanafunzi. Nyingine zilifika zimelowa mvua, lakini tumezisoma.

Mwezi huu tunajibu swali moja tu, kwa sababu ni kubwa. Limeletwa na mzee mmoja aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kule Fizi, kabla vita havijamfikisha hapa Nakivale. Mzee huyu sarufi ya Kiingereza anaijua, tena anatupita sisi. Gazeti analisoma bila kamusi. Lakini anasema siku moja alikwenda kwenye biro fulani kuomba karatasi ya kumpeleka mkewe hospitali. Akaeleza shida yake vizuri, na dada wa mezani akamwambia, "Sorry?" Akarudia. "Sorry?" Mara ya tatu yule dada akamgeukia mtoto wa miaka 12 aliyekuja na baba yake, akamuuliza baba anasemaje. Mtoto akasema maneno yale yale, hakubadili hata moja. Dada akaelewa papo hapo.

"Watoto wangu," mzee ametuandikia, "vitenzi vyangu vilikuwa sawa, nyakati zilikuwa sawa. Nimekosa wapi mpaka mtoto asimame mahali pangu?"

Tulimfuata nyumbani. Tulimwambia, "Mwalimu, tafadhali turudilie yale maneno uliyosema kule." Akakaa vizuri kwenye kiti, akasema: "I need a document for the hospital. It is very important."

Sarufi safi kabisa. Lakini masikio yetu yalisikia hivi: do-ku-MENT, ho-spi-TAL, im-por-TANT. Kumbe! Kosa halikuwa kwenye kitenzi wala kwenye wakati. Mzee alikuwa ameongea Kiingereza kwa mwendo wa Kifaransa.

Hapa tueleze kidogo. Kila neno lenye silabi zaidi ya moja lina sehemu inayobebeshwa uzito kuliko nyingine. Vitabu vinaita mkazo. Sisi darasani tunasema uzito, kwa sababu watu wazima wanalielewa upesi. Kwenye karatasi hii, silabi yenye uzito tutaiandika kwa herufi kubwa.

Kiswahili chetu kina utaratibu mzuri: uzito unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. BA-ba. mwa-LI-mu. ki-TA-bu. Ukiongeza kipande mwishoni, uzito unasogea wenyewe bila kuulizwa: ki-ta-BU-ni. Hakuna mtoto aliyefundishwa jambo hili, amezaliwa akalisikia. Ni maneno machache sana yanayotoroka. Lile mnalolijua wote ni barabara: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, na ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. Herufi ni zile zile, uzito umehama, maana imebadilika. Shikeni mfano huo, maana kile ambacho Kiswahili kinafanya mara moja kwa bahati, Kiingereza kinakifanya kila siku.

Kifaransa nacho kina utaratibu wake: uzito unasukumwa mpaka mwisho. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wamezoea lugha ambayo sauti inapanda na kushuka, hilo ni jambo lingine, tutaliacha leo. Lakini sisi tuliosoma Kongo tunakuja na desturi mbili begani. Neno likionekana la Kiafrika tunalipa uzito karibu na mwisho, na likionekana la Kifaransa tunalipa uzito mwishoni kabisa. Na shida ni kwamba Kiingereza na Kifaransa wanaandika maneno mengi karibu sawa. Unaliona document kwenye karatasi, moyo unatulia, unasema "hili nalijua." Hapo ndipo unaponaswa. Mwingereza anasema DO-kyu-ment. HO-spi-tal. im-PO-tant. A-ni-mal. DI-frent. Maneno ambayo hukuwahi kuyaona utayasikiliza kwa makini. Yale unayodhani unayajua ndiyo yanakuangusha.

Je, Kiingereza hakina utaratibu? Kinao, lakini si mmoja. Tunaandika michache tu, ile inayogusa maneno ya maisha yetu hapa.

Neno likiishia na -tion, uzito unakaa kwenye silabi iliyo kabla yake: re-gi-STREI-shen, vak-si-NEI-shen, e-du-KEI-shen, ri-pa-tri-EI-shen. Hili ni zawadi kwetu, maana ndipo Kiswahili nacho kingeuweka. Likiishia na -ity, uzito unarudi nyuma hatua moja zaidi: ko-MYU-ni-ti, si-KYU-ri-ti, ai-DEN-ti-ti. Na mengi yanayoishia na -ee yenye maana ya mtu fulani, uzito unakwenda mwisho kabisa. Lile la kwanza ni jina letu sote: re-fyu-JII. Wengi wetu tunasema re-FYU-ji, Kiswahili kinatuvuta. Tumelibeba jina hili miaka mingi, angalau tulitamke vizuri.

Na kuna yale ya barabara tuliyosema. PER-mit ni kibali, per-MIT ni kuruhusu. RE-kod ni kumbukumbu iliyoandikwa, ri-KOD ni kuandika au kunasa sauti. Na hili moja limewachekesha sana wanafunzi wetu wa jioni: ri-FYUZ ni kukataa, lakini RE-fyus ni takataka. Kijana mmoja alitaka kusema anakataa, akajikuta anasema mimi ni takataka. Tulicheka mpaka taa ikazimika. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, na neno lile halisahau tena.

Sasa tuingie ndani zaidi, kwenye mwendo wa sentensi nzima, kwa sababu mtu anaweza kujua uzito wa kila neno na bado asisikike.

Katika Kiswahili kila silabi inapata mgao wake. Ki-na-pi-ki-wa. Ukipima, hakuna aliyepunjwa sana, hakuna aliyezidishiwa. Kiingereza ni foleni isiyo na mwenyekiti. Wakubwa wanafika mbele wanachukua kopo zima, wadogo wanaokota punje zilizoanguka. Wakubwa ni maneno yenye habari: jina la kitu, kitenzi, sifa, namba, neno la kukataa. Wadogo ni the, a, of, to, for, and, was, have. Hao wanamezwa. Irabu yao inakuwa sauti moja ya uvivu, mdomo nusu wazi, ulimi umelala, si a, si e, si u. Sikilizeni mtu akisema a cup of tea. Hatasema "e kap of tii" akimpa kila mmoja haki yake. Atasema kitu kama "ekapetii", na uzito uko kwenye KAP na TII tu.

Sisi kwa heshima yetu tunatamka kila neno wazi. Tunadhani ndiyo ufasaha. Lakini sikio lililozoea Kiingereza linatafuta vilima ili lijue habari iko wapi. Ukimpa uwanda mtupu, kila silabi urefu mmoja, anachoka kabla hujamaliza. Mtaalamu mmoja Mmarekani, Kenneth Pike, aliandika mwaka 1945 juu ya lugha za namna hizi mbili: zile zinazokwenda kwa kuhesabu silabi, na zile zinazokwenda kwa kuhesabu mapigo. Wengine waliokuja nyuma yake na mashine za kupima sauti walikuta kwamba mapigo ya Kiingereza hayalingani sawasawa kama saa, lakini kwa mwanafunzi hesabu hiyo bado inasaidia sana.

Basi fanyeni zoezi hili nyumbani. Mnahitaji kinu na mchi, na mama anayetwanga sombe. Kama leo hakuna sombe, kofi la mkono linatosha. Mchi ukianguka, semeni neno zito. Hapa yako matatu kila mstari, kwa hiyo mchi unaanguka mara tatu, si zaidi:

GOATS EAT BEANS.
The GOATS EAT the BEANS.
The GOATS are EATing the BEANS.
The GOATS have been EATing the BEANS.
The GOATS could have been EATing the BEANS.

Mstari wa kwanza una silabi tatu, wa mwisho una tisa. Mama asibadili mwendo wa mchi. Ninyi ndio mbane maneno madogo yaingie katikati ya pigo na pigo, kama abiria wa teksi ya kwenda Mbarara. Mara ya kwanza mtashindwa kwenye mstari wa nne, mchi utawaacha. Rudini mwanzo. Watoto wanaweza kwa siku moja. Watu wazima tumeona wanachukua wiki mbili au tatu, na tukiwaambia wachukue kipande cha tyubu ya baiskeli, wakivute kwa mikono miwili kila wanapofika kwenye silabi nzito na kukiachia kwenye nyepesi, wanashika upesi zaidi. Mkono unamfundisha mdomo. Yule mzee wa Fizi alitumia tyubu. DO (anavuta) -kyu-ment (anaachia). Mke wake alisema sasa mume wangu amekuwa fundi baiskeli.

Sasa tuje kwenye namba, na hapa lazima tuwaambie jambo letu wenyewe, ingawa hatulipendi.

Mwaka 2017 tulikuwa S3. Nyumbani kwetu alikuwepo mama yetu mdogo, mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikuwa anaona kivuli tu. Watu walituandikisha kwa waganga wa macho waliokuwa wanatoka nje ya nchi kuja mjini kupasua kwa siku chache, halafu wanarudi kwao. Sisi peke yetu pale nyumbani ndio tulisikia Kiingereza, kwa hiyo simu zote zilikuwa zetu. Siku moja simu ikalia. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, sauti ya mwanamke wa kigeni ikasema jina la mama mdogo na tarehe. Tukasikia "thirtieth". Tulikuwa na shaka kidogo, lakini nyumba nzima ilikuwa inatutazama tukiongea kizungu, tukaona haya kumwomba arudie. Tukasema "Yes, yes, thank you." Tukakata.

Tukamwambia mama mdogo tarehe 30. Alikuwa anahesabu siku kwa kufunga mafundo kwenye kamba, kwa sababu kalenda hakuweza kuiona. Tarehe 30 tulitoka alfajiri naye, ameoga, amevaa kitenge chake cha sherehe. Tulipofika, mlinzi akatuambia wale waganga waliondoka zaidi ya wiki mbili zilizopita. Tarehe ilikuwa 13.

Alingoja miezi minane mpaka waliporudi, mwaka 2018, ndipo akapasuliwa. Katika miezi hiyo minane tulimshika mkono kwenda chooni usiku na mchana. Hakutulaumu hata siku moja. Alisema, "Mwanangu, ni ile simu." Lakini haikuwa simu peke yake.

Angalieni namba hizi. 13 ikisemwa peke yake ni tha-TIIN. 30 ni THA-ti. Vivyo hivyo fo-TIIN na FO-ti, fif-TIIN na FIF-ti, siks-TIIN na SIKS-ti. Tofauti kubwa ni uzito: kwenye 13 uzito uko mwishoni, kwenye 30 uko mwanzoni. Sasa Kiswahili kinatuambia neno la silabi mbili uzito uko mwanzoni, kama BA-ba. Basi tukisema kumi na tatu tunasema THA-tiin, na mwenye kusikia anaandika 30. Na sikio letu nalo, likisikiliza namba ya mtu mwingine, halitegemei uzito mwishoni, kwa hiyo haliutafuti. Tarehe ni zile zile: tha-TIINTH ni ya 13, THA-ti-eth ni ya 30. Simu mbaya inakula ile th ya mwisho, kinachobaki cha kukuokoa ni uzito tu.

Na msidhani wenye lugha wenyewe ni watakatifu. Wakihesabu mfululizo, au 13 ikifuatwa na neno zito, nao wanarudisha uzito mwanzoni: THA-tiin CHIL-dren. Ndiyo maana hata wao kwa wao wanaulizana, "One-three or three-zero?" Marubani na wanaoongoza ndege nao namba nyingi wanazitamka tarakimu moja moja, maana kule juu hakuna nafasi ya kusema nilidhani. Kwa hiyo sheria ya nyumba yetu tangu 2017 ni hii: umri wa mtoto, tarehe ya kurudi kliniki, uzito kwenye mizani, idadi ya vidonge, pesa, vyote tunavisema mara mbili. "Fifteen. One-five." Na tukiambiwa, tunarudia vivyo hivyo kwa aliyetuambia, hata kama foleni nyuma yetu inaguna. Sokoni vilevile. Elfu 16 na elfu 60 si ndugu.

Kuna jambo la pili linalofanana na hilo, tena ni la hatari kuliko namba. Ni can na can't. Darasani tulifundishwa kwamba tofauti ni ile t. Kwenye maongezi ile t mara nyingi haisikiki, hasa kwa Wamarekani. Tofauti wanayoisikia wao ni uzito. Anayeweza anasema ai-ken-KAM: can imemezwa, uzito uko kwenye come. Asiyeweza anasema ai KANT KAM: can't imesimama na uzito wake, imevutwa. Sasa sisi tunataka kusema naweza, tunaipa can uzito wote ili isikike vizuri: "I CAN come." Mwenzetu anasikia siwezi.

Fikirieni mtu anaulizwa kwenye mahojiano kama anaweza kurudi kijijini kwake. Anataka kusema hawezi, akasema can't nyepesi, ya haraka, bila uzito. Inaandikwa anaweza. Kwa jambo kama hili msijaribu ujasiri. Semeni kwa urefu: "I cannot. It is not possible." Na zaidi ya hapo, mahojiano ya faili yako si mtihani wa Kiingereza. Taratibu za UNHCR zinampa anayehojiwa mkalimani, na ukiona mkalimani hakuelewi una haki ya kusema hivyo. Tumeona vijana wanakataa mkalimani ili waonekane wamesoma. Jamani, simulizi ya maisha yako ieleze kwa lugha unayoiota usiku. Kiingereza tufanyie mazoezi sokoni na shuleni.

Tuseme na hili, maana ni zuri na si gumu. Kiswahili tukitaka kukaza jambo tunatumia maneno: yeye ndiye aliyesaini, ni mtoto wa kiume anayeumwa, si wa kike. Kiingereza mara nyingi hakiongezi neno, kinahamisha uzito tu. "My SON is sick," ni wa kiume, si wa kike. "My son is SICK," anaumwa, si kwamba ametoroka shule. "MY son is sick," ni wangu, si wa jirani. Maneno manne, habari tatu. Ukiwa kliniki na nesi ameshika kadi ya mtoto mwingine, usipige kelele, sogeza uzito.

Wako wanaotuuliza: sasa mnataka tuongee puani kama wazungu? Hapana. Waganda wenyewe wana mwendo wao wa Kiingereza, silabi zao nyingi ni wazi kama zetu, na ukiongea na nesi wa Isingiro au mwalimu wa hapa, mtaelewana vizuri bila kumeza chochote. Huyo wala msimwigize mtu wa televisheni, atawacheka. Sisi hatujui sana kuongea puani na hatutafundisha. Tunachotaka ni uzito ukae mahali pake katika maneno ya lazima, na namba zisikosewe, na can ijulikane na can't. Hayo matatu yakishikika, lafudhi ya kwenu bakini nayo.

Wengine wamekata tamaa. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na darasa letu la jioni likapungua nusu. Mtu anasema, Kiingereza nilikuwa nakitafuta kwa ajili ya safari, safari haipo, cha nini? Tunaelewa. Tuliwaona waliouza vyombo vya nyumba wakingoja ndege. Lakini mtoto wako anafanya mtihani wa kumaliza msingi kwa Kiingereza hapa hapa Uganda. Waliokuja na Kifaransa wanarudishwa madarasa ya chini, kijana wa miaka 14 anakaa na wa miaka 9. Kliniki ni hapa. Mtoto akirudi nyumbani na swali la somo, jioni hiyo hiyo anakukuta wewe.

Na hilo linaturudisha kwa yule mzee. Watoto, mnaosoma ukurasa huu kwa sauti kwa wazazi wenu, tunasema nanyi. Baba akikosea uzito msicheke mbele ya watu. Mkiwa nje kwenye biro, mkiona mtu hamwelewi baba, msimpokonye maneno. Mwambieni taratibu kwa Kiswahili, "Baba, DO-kyu-ment," na mumwachie mwenyewe aseme. Nanyi wazazi, mkisahihishwa na mtoto nyumbani, msimtume kuchota maji ili anyamaze.

Mzee wetu alirudi kwenye biro ile wiki tatu baadaye. Hakwenda na mtoto. Tulimngoja nje kwenye kivuli. Alitoka na karatasi mkononi, tukamuuliza imekuwaje. Akasema dada alimwambia "Sorry?" mara moja tu, na hiyo mara moja ilikuwa kwa sababu mashine ya kusaga ilikuwa inapiga kelele karibu.

Darasa la jioni linaendelea Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja, chini ya mwembe kama kawaida, na mvua ikinyesha tunahamia darasa la P4. Njooni na kipande cha tyubu. Mwezi ujao tutaangalia kwa nini wengi wetu tunasema "si-to-pu" na "su-ku-lu", yaani zile irabu tunazoongeza bila kujua. Mwenye neno linalomsumbua aliandike kwenye karatasi ampe mwanafunzi yeyote, litatufikia.